Imeji ya bakapu imegoma kurudi kwenye memori kadi: pima wapi kabla ya kuandika tena

Kwa mafundi wa Mwanjelwa, au wa Mlandege pale Iringa, kazi ya Raspberry Pi huja kwa sura ileile: kikompyuta kimefungwa kwenye mfuko, kadi imo ndani, na maelezo ni "umeme ulikatika, uliporudi hakikuwaka." Mara nyingi ni maktaba ya kidijitali ya shule, au seva ndogo ya mafaili ya ofisi. Mwenye bahati ana bakapu, yaani faili moja kubwa la imeji lililonakiliwa kutoka kwenye kadi nzima wakati mambo yalipokuwa mazuri. Ananunua kadi mpya, anaiandika ile imeji, anachomeka. Kimya.

Kinachokula siku ni hatua inayofuata: anaandika tena. Anabadilisha programu, anaazima laptopu nyingine, anarudi dukani kununua kadi nyingine. Kuandika GB 32 kwa kadi rida ya kawaida huchukua nusu saa au zaidi, na kurudia hakukuambii kosa liko wapi. Kosa lina makao manne tu: faili la imeji, kadi yenyewe, uandishi, au bodi (kikompyuta chenyewe) pamoja na mipangilio iliyomo ndani ya imeji. Yapime kwa mpangilio huo, maana ukianza na bodi utahangaika na chaja na waya kumbe faili lilikatika njiani tangu mwezi uliopita.

Amri nyingi hapa ni za Linux. Kama laptopu yako ni ya Windows, washa Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuiingiza kwenye diski. Inatosha kwa kazi yote hii. Windows haisomi ext4, mfumo wa faili wa patisheni kuu (sehemu kubwa ya kadi) ya Raspberry Pi OS, kwa hiyo nusu ya matengenezo haitawezekana kule.

## Faili kwanza

Uliza faili limesafiri vipi. Imeji ya GB 8 ikipitishwa kwenye flashi yenye FAT32 haiingii, kwa sababu FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4. Windows hukataa wazi, lakini baadhi ya programu za kunakilia hukata faili pale lilipofika na kukaa kimya. WhatsApp nayo ina kikomo cha GB 2 kwa faili moja. Kwa hiyo ukiona imeji yako ina karibu GB 4 kamili huku kadi ya asili ilikuwa ya 16 au 32, usisumbuke na mengine, hiyo ni nusu faili. Rudi kwenye chanzo, na safari hii tumia flashi iliyofomatiwa kwa exFAT, au likate faili vipande na kuviunganisha mwisho wa safari:

```
split -b 3900M bakapu.img.gz kipande_
cat kipande_* > bakapu.img.gz
```

Kama faili limebanwa, mwisho wa jina lake ni .gz au .xz, na hapo una bahati, kwa kuwa lina kipimo ndani yake:

```
gzip -t bakapu.img.gz
xz -t bakapu.img.xz
```

Ikimaliza bila kusema neno, faili ni zima. Ikitaja "unexpected end of file", limekatika. Kuna mtego hapa: ukitaka kujua ukubwa wa imeji ikishafunguliwa, usiamini `gzip -l` kwenye matoleo ya zamani, maana kwa chochote kinachozidi GB 4 hutoa namba ya uongo. Hesabu mwenyewe kwa `zcat bakapu.img.gz | wc -c`. Kwa xz, `xz -l` inasema kweli.

Faili lisilobanwa halina ushahidi huo, isipokuwa aliyelitengeneza aliandika namba ya sha256 (alama ya kipekee ya faili) pembeni. Kama aliiandika, ilinganishe: `sha256sum bakapu.img` kwenye Linux, `certutil -hashfile bakapu.img SHA256` kwenye Windows. Kama hakuiandika, angalau tazama kama jedwali la patisheni linasomeka:

```
fdisk -l bakapu.img
```

Unatarajia mistari miwili. Wa kwanza ni patisheni ndogo ya FAT yenye mafaili ya kuwashia, wa pili ni ile kubwa ya Linux. Tazama sekta ya mwisho ya ule wa pili, ongeza moja, zidisha kwa 512, kisha linganisha na ukubwa wa faili. Patisheni ikidai kuishia mbali kuliko faili lenyewe linapoishia, imeji haijakamilika.

Ukiona mstari mmoja tu, au fdisk haioni jedwali lolote, huenda aliyechukua bakapu alinakili patisheni badala ya kadi nzima, yaani /dev/sdb2 badala ya /dev/sdb (ndilo jina la kadi kwenye mifano yote hapa; kabla ya amri yoyote jua la kwako kwa lsblk, imeelezwa chini kwenye Kuandika). Hiyo inaokoleka, ila haiwezi kuwaka ikiandikwa moja kwa moja kwenye kadi. Nitairudia chini, kwenye PARTUUID, yaani kitambulisho cha patisheni.

## Kadi mbili za "32GB" hazilingani

Hapa ndipo imeji nyingi nzima hukwama. Programu inasema nafasi haitoshi, au dd (amri ya Linux ya kunakili) inafika mwishoni kabisa na kutoa "No space left on device", na mwenye kadi anaapa: ya zamani ilikuwa 32, hii nayo ni 32. Anasema kweli, lakini maandishi ya juu ya kadi ni makadirio. Pima baiti:

```
sudo blockdev --getsize64 /dev/sdb
stat -c %s bakapu.img
```

Chukua mfano wa namba mbili ambazo utazikuta kwenye kadi halali kabisa za 32GB. Moja ina baiti 32,010,928,128. Nyingine ina baiti 31,914,983,424. Tofauti ni baiti 95,944,704, karibu MB 96. Imeji iliyochukuliwa kutoka ya kwanza haiingii kwenye ya pili, hata kama ndani yake kuna GB 6 tu za kazi na zingine ni utupu, kwa sababu imeji ya kadi nzima hunakili na utupu. Ukilazimisha, zile MB za mwisho zinaachwa nje, na mfumo wa faili unabaki ukidai ukubwa ambao kadi haina. Utakataa kufunguka.

Njia ya mkato ni kununua ya 64GB. Bei imepanda kidogo, kazi imekwisha, na siwezi kukulaumu. Lakini kama uko Makete na duka lenye kadi halisi liko Njombe au Mbeya, punguza imeji. Kuna skripti iitwayo PiShrink inayofanya hivyo yenyewe, ila kujua kinachofanyika ndani ni muhimu siku itakapogoma. Fanya kwenye nakala, kamwe usiguse bakapu yako pekee:

```
cp bakapu.img kazi.img
sudo losetup -fP --show kazi.img
```

Amri ya pili inakujibu jina, tuseme /dev/loop0. Kwenye Ubuntu huenda ikawa loop12 au loop20, kwa kuwa snap (mfumo wa Ubuntu wa kufungasha programu) huchukua zile za mwanzo. Tumia jina ulilopewa. Kisha:

```
sudo e2fsck -f /dev/loop0p2
sudo resize2fs /dev/loop0p2 24G
sudo parted /dev/loop0 resizepart 2 25GiB
sudo losetup -d /dev/loop0
truncate -s 26G kazi.img
```

Mpangilio huu haugeuzwi. Kwanza unakagua mfumo wa faili, halafu unaupunguza hadi 24, kisha unaipunguza patisheni iuzunguke (parted itakuuliza kama una hakika, jibu Yes), na mwisho unakata mkia wa faili. Nimeacha nafasi kila hatua kwa makusudi. Anayebana kila kitu kifike 24 kamili hukata mkia wa mfumo wa faili wenyewe, maana patisheni ya pili haianzii mwanzo wa kadi. Imeji ya GiB 26 ni baiti 27,917,287,424, inaingia kwenye kadi yoyote halali ya 32GB. Kama data yako inazidi GB 24, resize2fs itakataa na kukuambia. Hapo huna ujanja zaidi ya kadi kubwa.

Kinyume chake hakina shida. Imeji ya kadi ya 16 kwenye kadi ya 64 inakaa, nafasi inayobaki haitumiki tu. Mfumo ukishawaka, `sudo raspi-config --expand-rootfs` na kuwasha upya huichukua yote.

## Kadi feki, na kadi iliyokwisha

Kadi feki ni ya GB 8 iliyofundishwa kujitambulisha kama 64. Inakubali kila kitu. Ukivuka zile 8 za kweli, data inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Dalili yake ni kwamba imeji ndogo inawaka vizuri, kubwa haiwaki, au inawaka kisha mafaili yanaonekana kwa majina huku ndani yamejaa takataka. Kabla ya kuiamini kadi ya mezani, ipime. Amri hii inafuta kila kilichomo:

```
sudo apt install f3
sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb
```

Itakuambia ukubwa unaotangazwa na ukubwa wa kweli. Kwenye Windows kuna H2testw, ambayo ni ya polepole lakini ya kuaminika. Mwenye duka akikuruhusu kupima palepale kabla ya kulipa, huyo ni wa kurudi kwake.

Kadi iliyokwisha ni jambo jingine na inadanganya kwa ustadi zaidi. Kadi nyingi zikifika mwisho wa uhai hujifunga zisiandikwe tena, ila baadhi hazitangazi. Unaandika, programu inafika asilimia mia, unachomoa, unachomeka, na mfumo wa zamani ulioharibika uko palepale kama hukufanya kitu. Jaribio lake ni fupi. Andika sifuri mwanzoni mwa kadi:

```
sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=1M count=4 conv=fsync
```

Chomoa kadi kabisa, hesabu hadi kumi, chomeka tena, soma:

```
sudo hexdump -C -n 1024 /dev/sdb
```

Ukiona sifuri tupu na nyota, kadi inaandikika. Ukiona herufi na namba zilezile za zamani, kadi imekufa. Hakuna fomati itakayoifufua, na programu za "kutengeneza memori kadi" zinakupotezea bando tu. Ila kadi ya namna hii bado inasomeka, kwa hiyo kabla ya kuitupa nakili ulichohitaji.

Usisahau kile kitufe kidogo cha pembeni mwa adapta. Ni plastiki tu inayogusa swichi ndani ya kadi rida. Adapta iliyolegea huteleza yenyewe kuelekea "lock", na laptopu inasema kadi inasomeka tu. Jaribu adapta nyingine kabla ya kuihukumu kadi.

## Kuandika

Kwenye Windows tumia Raspberry Pi Imager au balenaEtcher. Zote zinakubali .img, .gz, .xz na .zip bila wewe kufungua, na zote huhakiki baada ya kuandika. Usibonyeze kuruka uhakiki huo. Kwenye Imager chagua imeji yako mwenyewe, na ikiuliza kama unataka kuongeza mipangilio ya jina, mtumiaji na Wi-Fi, kataa. Unarudisha mfumo wenye mipangilio yake tayari, na kuuongezea mingine ni kutafuta ugomvi. Ikigoma kuandika bila sababu ya maana, angalia kama ulinzi wa Windows uitwao Controlled folder access umewashwa, maana huzuia programu za namna hii.

Ikimaliza, Windows italeta kisanduku: "You need to format the disk before you can use it." Bonyeza Cancel. Imeiona patisheni ya ext4, haiielewi, inadhani ni tupu. Kuna watu walioandika imeji vizuri kabisa halafu wakaifuta wenyewe kwenye kisanduku hiki, na baadaye wakailaumu imeji.

Kwenye Linux, kwanza jua kadi ni ipi:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,MOUNTPOINT
```

Fanya hivyo kadi ikiwa nje, kisha ikiwa ndani. Kilichoongezeka ndiyo kadi. Sitakwepa kulisema hili: dd haiulizi. Ukiandika sda ambako laptopu yako inaishi, umeifuta laptopu. Toa patisheni zilizojifungua zenyewe, kisha andika:

```
sudo umount /dev/sdb1 /dev/sdb2
sudo dd if=bakapu.img of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress
```

Kwa imeji iliyobanwa:

```
zcat bakapu.img.gz | sudo dd of=/dev/sdb bs=4M iflag=fullblock conv=fsync status=progress
```

Itakimbia mwanzoni, halafu itaganda karibu na mwisho. Haijakwama. Linux hupokea data kwenye RAM kwanza, ndipo `conv=fsync` inaisubirisha hadi kadi ipokee yote. Wanaochomoa wakati huo hupata kadi ambayo nusu ya pili ni tupu. Kama laptopu inategemea umeme wa ukutani kwa sababu betri imechoka, na nje ngurumo za Rungwe zimeanza, ahirisha.

Sasa hakiki. Kabla hujachomoa na kuchomeka tena, zuia Ubuntu isifungue kadi yenyewe, kwa sababu kule kufungua tu hubadilisha baiti kadhaa na ulinganisho utasema uongo:

```
gsettings set org.gnome.desktop.media-handling automount false
sudo cmp -n $(stat -c %s bakapu.img) bakapu.img /dev/sdb
```

Kimya maana yake zinafanana. Ikikutajia baiti zinapotofautiana, andika namba hiyo, rudia uandishi kwa kadi rida nyingine, linganisha tena. Tofauti ikija mahali palepale, kadi ina doa. Ikihamahama, shuku kadi rida, waya au tundu la USB. `sudo dmesg | tail` nayo husaidia: ukiona "I/O error" ikifuatana na namba za sekta, maswali yamekwisha.

## Imeandikwa sawa, lakini haiwaki

Ukifika hapa ukiwa na faili zima, kadi halali na uandishi uliohakikiwa, huhitaji tena kuandika. Tazama taa.

Nyekundu ni umeme. Kijani ni kadi ikisomwa, na hupepesa bila mpangilio mfumo unapowaka. Maongezi ya simu na mwalimu wa huko milimani huenda hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Nyekundu ipo. Ya kijani inapepesa mara nne, inapumzika, mara nne tena."

Jibu hilo moja linaokoa safari ya basi. Mara nne ni kwamba bodi haikuliona faili la kuanzia, lile la start.elf, kwenye patisheni ndogo ya FAT. Mara saba ni kwamba imekosa keneli, yaani kiini cha mfumo. Kijani kikiwa kimezimika kabisa, bodi haijaona chochote cha kuwashia: kadi haijaingia vizuri, au patisheni ya kwanza haipo. Raspberry Pi 4 na 5 zina faida zaidi. Zichomeke kwenye skrini bila kadi, na bodi nzima italeta ukurasa wake wa uchunguzi. Ikiuleta, bodi haina kosa.

Umeme wenyewe ni mshukiwa anayesahaulika. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, Pi 3 ampea 2.5, Pi 5 ampea 5 ili ifanye kazi kwa uwezo wake wote. Chaja ya simu ya dukani, au tundu la USB la kontrola ya sola ya shule, mara nyingi haifiki hapo. Ikishuka chini ya volti 4.63 hivi, alama ya radi hutokea kwenye skrini, na mfumo unaweza kujizima katikati ya kuwaka, ukadhani ni imeji. Kama inawaka kwa kusuasua, uliza:

```
vcgencmd get_throttled
```

0x0 ni salama. 0x50000 inasema umeme ulishapungua tangu iwashwe. Badilisha chaja na waya vyote viwili, si kimoja.

Kisha umri. Pi 4 ilitoka Juni 2019, na Pi 5 Oktoba 2023. Imeji iliyochukuliwa kwenye Pi 3 yenye mfumo wa 2018 haitawaka kwenye Pi 4, kwa sababu mfumo huo haukuwahi kuijua bodi hiyo. Pi 5 inataka toleo la Raspberry Pi OS liitwalo Bookworm au la baadaye. Kama bodi ya zamani bado ni nzima, irudishe imeji kwenye bodi ileile, sasisha mfumo, ndipo uhamishe kadi. Kama imekufa, azima nyingine ya aina hiyohiyo kwa siku moja.

Tuje kwenye PARTUUID. Mfumo hautafuti patisheni yake kuu kwa jina la sdb2, unaitafuta kwa kitambulisho. Ukiandika imeji ya kadi nzima, kitambulisho kinakuja nacho na hutakiona tatizo hili. Lakini kama ulitengeneza jedwali jipya mwenyewe na kurudisha patisheni moja moja, kitambulisho ni kipya, na mfumo unasubiri kitu ambacho hakipo. Skrini inasimama kwenye "Waiting for root device" au keneli inaanguka kwa "Unable to mount root fs". Soma kitambulisho cha sasa:

```
sudo blkid /dev/sdb1 /dev/sdb2
```

Fungua patisheni ya kwanza, tafuta cmdline.txt, na pale penye `root=PARTUUID=` weka kile cha sdb2. Yote yaliyomo kwenye faili hilo lazima yabaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, umeongeza tatizo la pili. Kisha fungua patisheni ya pili na urekebishe etc/fstab (orodha ya patisheni za kufunguliwa mfumo unapowaka), mistari yote miwili. Anayesahau fstab hupata mfumo unaowaka nusu.

fstab hiyohiyo ina kosa lingine. Kama kikompyuta cha asili kilikuwa na diski ya nje yenye video za masomo, na sasa unakijaribu mezani bila diski hiyo, kitasubiri dakika moja na nusu, kisha kitasema "Cannot open access to console, the root account is locked". Watu huona neno locked wakadhani imeji ina nenosiri. Haina. Rudisha kadi kwenye laptopu, kwenye mstari wa ile diski ya nje ongeza `nofail` baada ya `defaults`, zikitenganishwa na mkato bila nafasi:

```
defaults,nofail
```

Mfumo utawaka, diski iwepo isiwepo.

## Imewaka, ila si mzima

Bakapu iliyochukuliwa mfumo ukiwa unafanya kazi huwa na mafaili yaliyokamatwa katikati ya kuandikwa. Ukague mfumo wa faili kadi ikiwa kwenye laptopu na patisheni imefungwa kwa umount:

```
sudo e2fsck -f /dev/sdb2
```

Hifadhidata ndizo zinazoumia zaidi. Kwa shule zinazotumia Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti), alama na akaunti za wanafunzi ziko kwenye faili moja la SQLite, kwa kawaida ndani ya folda .kolibri ya mtumiaji. Simamisha Kolibri, kisha:

```
sqlite3 ~/.kolibri/db.sqlite3 "PRAGMA integrity_check;"
```

Jibu ni ok, au ni orodha ya majeraha. Ukipata majeraha, usiyafute haraka. Bakapu ya zamani zaidi ya hilo faili moja inaweza kutosha, huku mfumo mwingine wote ukibaki wa imeji hii.

Saa nayo. Pi za kabla ya 5 hazina saa inayoendelea zikizimwa, na Pi 5 inayo lakini betri yake hununuliwa pembeni. Ukirudisha imeji ya Machi kwenye shule isiyo na intaneti, kikompyuta kitaamini ni Machi. Kumbukumbu za wanafunzi zitaingia tarehe za zamani, na kurasa za https zitakataa vyeti. Weka mwenyewe:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo date -s "2025-09-15 08:30"
```

Hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi. Ukikuta saa iko nyuma kwa saa tatu kamili, kosa ni kanda ya saa, si saa.

Mtandao ukigoma ilhali kila kitu kinawaka, jiulize kama bodi imebadilika. Ruta iliyopangiwa kutoa anwani maalumu kwa bodi ya zamani haiijui mpya. Na kama umeandika imeji moja kwenye kadi mbili kwa vyumba viwili vya shule ileile, vikompyuta vitakuwa na jina moja na pengine anwani moja. Kimoja kitapotea kila kingine kinapowashwa. Badilisha jina kwa `sudo hostnamectl set-hostname maktaba2`, rekebisha na /etc/hosts, ubadilishe anwani kama ilikuwa ya kudumu.

## Kabla kadi haijapanda basi

Ikishawaka na kukaa saa kadhaa bila kulalamika, izime kwa `sudo poweroff`, subiri kijani kitulie, itoe kadi na uchukue imeji mpya ikiwa imezimwa:

```
sudo dd if=/dev/sdb bs=4M status=progress | gzip > maktaba-2025-09.img.gz
gzip -t maktaba-2025-09.img.gz
sha256sum maktaba-2025-09.img.gz > maktaba-2025-09.sha256
```

Andika kwenye karatasi aina ya bodi na ukubwa wa kadi kwa baiti, uifunge pamoja na kadi. Kama bajeti inaruhusu kadi ya pili, iandike imeji hiyohiyo, iwashe mara moja uhakikishe, uipeleke nayo. Mwalimu ataweza kuichomeka mwenyewe siku ya shida bila kusubiri mtu kutoka mjini. Kadi isiende ikiwa ndani ya bodi, maana gari likiruka kwenye barabara za vumbi za Ludewa inachomoza na kuvunjika shingoni. Ifungwe peke yake kwenye kijumba chake cha plastiki. Na mpigie aliye upande wa pili umwambie asizime kikiwashwa mara ya kwanza hata kama skrini ni nyeusi: asubiri dakika kumi, atazame taa ya kijani, kisha akupigie akueleze inapepesa vipi.